Giaboksi Iliyonyamazishwa kwa Mafuta ya Kondoo

Mwaka huo, wa pili tangu reli ya Wajerumani ifike Moshi, Arusha nzima ilikuwa na motokari moja tu ya mizigo, na Arafa aliijua kwa sauti kuliko aliyeinunua. Hakuwahi kuipanda, wala hakuwa na hamu nayo. Lakini dereva wake alikuwa Selemani, mwanawe wa pekee aliyebaki, na mama ambaye mwanawe amekaa juu ya chombo cha moto hana budi ajifunze lugha ya chombo hicho. Basi kila alasiri aliketi barazani kwake, upande wa Levolosi, ungo wa mchele mapajani, mikono ikichambua mawe na masikio ameyatuma mtoni Themi.

Lori lilipovuka mto lilinyamaza kidogo, kama mtu anayevuta pumzi. Kisha Selemani alitia gia ya pili kupanda mlima, na hapo ndipo Arafa aliposikiliza kwa makini zaidi. Kwa wiki tatu sasa, katika gia hiyo ya pili, kulikuwa na kitu kinalia. Si mlio wa injini, huo aliuzoea. Huu ulikuwa chini yake, mzito, kama mtu anayesaga mahindi makavu juu ya jiwe lenye mchanga. Mlima ukiisha, Selemani akitia gia ya tatu, mlio unafifia. Arafa anashusha pumzi, anarudi kwenye mchele.

"Mwanangu," alimwambia siku moja alipokuwa akimpakulia chakula, "hilo gari lako linaumwa."

"Mama nawe! Gari haliumwi. Gari ni chuma."

"Na cherehani ya marehemu baba yako ilikuwa mkate?"

Selemani alicheka, akala. Lakini kicheko chake kiliisha upesi, na Arafa alikiona kilipoishia. Alimbana mpaka akasema. Ndiyo, mlio anausikia. Tena si mlio tu, kuna mtetemo. Anausikia kwenye nyayo, na mkono wa gia unamtetemeka kiganjani kama kuku aliyeshikwa. Unatoka kwenye giaboksi, lile sanduku la chuma chini ya miguu yake, lenye magurudumu ya meno yanayoshikana.

"Sasa umwambie mwenyewe."

"Nimwambie Bwana Saa?" Selemani alisukuma sahani. "Mama, mwaka jana mnyororo ulipolegea, si nilimwambia? Alisema nini?"

Jibu Arafa alilijua. Bwana Saa, Mjerumani mwenye lori, waliyemwita hivyo kwa kuwa hakumaliza maneno mawili bila kuchungulia saa yake ya mfukoni, alisema mnyororo haulegei wenyewe. Aliyesema umelegea ndiye aliyeulegeza. Selemani akalazwa nyuma ya banda la lori akapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, na mama yake akamkanda mgongo siku nane. Tangu hapo dereva alijifunza adabu moja mbaya: ukiona ubovu, usiuone.

Siku zikaenda hivyo, mpaka Jumatano moja.

Jumatano hiyo lori lilivuka Themi, likavuta pumzi, likatia gia ya pili. Arafa alisimamisha vidole juu ya mchele. Alingoja. Lori lilipanda mlima wote, na ule mlio wa kusaga haukuwepo. Kimya. Injini peke yake ilikuwa ikiimba, laini, kama iliyotoka dukani jana.

Jirani yake aliyekuwa akianika nguo akamwambia, "Mama Selemani, leo gari lenu limepona."

"Nani kalitibu?" Arafa aliuliza. Hakuuliza kwa furaha.

Jua lilikuwa bado juu Selemani alipofika nyumbani, na nyuma yake Lemburis, mpakiaji wa lori, Mwarusha mrefu mwenye masikio yaliyotobolewa na msalaba wa Walutheri shingoni. Wote wawili walikuwa wakicheka njia nzima.

"Takwenya, yeyo," Lemburis alimwamkia kwa Kimaa, akimwita mama, akainamisha kichwa kama kwa mama yake mzazi.

"Iko," Arafa aliitikia. Kimaa chake kiliishia hapo. "Haya, semeni. Gari mmelifanya nini?"

Walitazamana kama watoto waliolamba sukari ya wageni.

"Ni mimi, yeyo," Lemburis alisema. "Nilimwambia Selemani, hii chuma inalia sababu ina njaa ya mafuta. Sisi kwetu mama akizaa, anakunywa mafuta ya kondoo. Mtoto akikohoa, mafuta ya kondoo. Ngozi ikikauka, mafuta ya kondoo. Nimechinja dume moja, mkia wake huu hapa," akapima kwa mikono miwili, "tumeyeyusha, tumemimina ndani ya sanduku. Lakini yalikuwa mepesi. Basi tukaponda na ndizi za Wameru, zile za kupika, na maganda yake, iwe nzito."

Arafa alimtazama, akamtazama na mwanawe. "Ndizi na mafuta ya kondoo?"

"Ndiyo, yeyo."

"Mmelipikia gari mtori!"

Lemburis alicheka hadi akashika nguzo. Selemani akacheka. Arafa mwenyewe alicheka, maana hilo la kulipikia gari chakula cha mzazi si la kila siku. Kisha kicheko kilimkatikia.

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi safari ipo pale pale," Selemani alisema. "Oldonyo Sambu. Tunapanda asubuhi na vibarua nyuma, Bwana Saa anakaa na mimi mbele. Jioni tunateremka na magunia ya ngano, vibarua juu yake."

"Na Nosim anapanda," Lemburis aliongeza kwa fahari. Nosim alikuwa mkewe. "Anampelekea mama yake mtoto amwone. Mtoto wangu atakuwa wa kwanza katika ukoo kupanda motokari."

Arafa aliuweka ungo chini. Aliijua ile njia ya Oldonyo Sambu, aliwahi kuipita kwa miguu. Inazunguka ubavu wa Mlima Meru, inapanda na kushuka, na kuna mteremko mmoja ambao hata ng'ombe wa kukokota huufikiria kwanza.

"Mwanangu, ukiwa na magunia mgongoni, mteremko kama ule unaushikaje?"

"Kwa gia ya pili. Injini yenyewe inalizuia gari."

"Ikikatika hiyo gia?"

"Kuna breki ya mguu."

"Hiyo breki inashika wapi? Magurudumu?"

"Breki ya mkono ndiyo ya magurudumu, na imeisha, ni jina tu. Ya mguu inabana ngoma iliyofungwa kwenye mhimili unaotoka nyuma ya giaboksi."

"Kwa hiyo sanduku hilo hilo."

Lemburis aliacha kucheka.

"Sophia alikohoa siku tisa," Arafa alisema. Selemani akainama, maana dada yake huyo jina lake halikutajwa mara nyingi nyumbani humo. "Siku ya kumi bibi mmoja akaniletea asali na mafuta, nikamnywesha. Kikohozi kikanyamaza. Nikachinja kuku nikamshukuru Mungu. Siku ya kumi na tatu nikamzika. Kifua hakikuwa kimepona, baba. Kilikuwa kimechoka kuniambia."

Akaokota ungo wake. "Keshokutwa Ijumaa, baada ya swala, utanipeleka bandani."

"Mama! Mwanamke bandani? Watanicheka."

"Wakucheke ukiwa hai. Mtu anayechekwa bado anakula."

*

Ijumaa baada ya swala Bwana Saa alikuwa amekwenda kutazama mbao, na desturi yake ilikuwa kurudi saa tisa kamili, si dakika kabla wala baada. Arafa alifika bandani kajitanda kanga, na kwapani amebeba wari, ule ufito wa mti aliopimia vitambaa marehemu mumewe.

"Sasa huo wa kazi gani?" Selemani aliuliza. "Unataka kulishonea suruali?"

"Baba yako cherehani ikimsumbua aliweka ncha hii kwenye chuma na ncha hii akaiuma kwa meno. Sikio hudanganywa na mafuta. Meno hayadanganywi. Liwashe."

Lemburis akapiga hendeli. Injini ikakohoa, ikashika. Selemani akaketi kwenye usukani, akafungua ubao wa sakafuni, na giaboksi ikaonekana kule chini, nyeusi, inang'aa mafuta. Arafa aliupitisha wari mpaka ukagusa chuma, akauma ncha ya juu. Alikaa hivyo, macho amefumba, jino juu ya mti, mpaka Lemburis akageuka upande asionekane anavyojizuia kucheka.

Arafa aliliuliza gari kama anavyoulizwa mtoto mgonjwa: ukilala, inauma? Ukila, inauma? Ukinyanyuka je?

"Gia umetia?"

"Hapana, iko frii."

"Mguu wa kushoto umeutoa kwenye klachi?"

"Nimeutoa."

"Inatetemeka. Kanyaga klachi." Akangoja. "Imeacha. Achia. Imerudi. Kanyaga tena." Akautoa wari mdomoni. "Ukikanyaga, injini bado inazunguka?"

"Inazunguka, lakini inaachana na giaboksi."

"Basi injini haina kosa. Mwenye kosa ni yule anayepumzika ukikanyaga."

Selemani aliacha kutabasamu. Waliizima injini, wakalisukuma lori lishuke mteremko mdogo wa uani kwenye frii, Arafa akitembea ubavuni na wari kwenye chuma. Kimya, na meno yake hayakusikia kitu. Kwa hiyo si magurudumu, wala si minyororo inayoyavuta. Jaribio lililobaki lilikuwa moja, tena ndilo aliloliogopa Arafa.

"Sasa itabidi liende, na mimi ndani," alisema.

"Mama, umeapa hutalipanda."

"Niliapa nikiwa sina sababu."

Lemburis alimnyanyua kama gunia la pumba, akamweka mbele. Wakatoka hadi kwenye barabara tambarare kando ya Themi, Arafa ameshika ubao kwa mkono mmoja na wari kwa mwingine, akisoma kila aya aliyoikumbuka. Gia ya kwanza, meno yake yaligongana juu ya mti. Gia ya pili, mtetemo ukampanda hadi kwenye fuvu. Nje ya sanduku hapakuwa na kelele hata kidogo, lori liliteleza kama bibi harusi. Ndani, kitu kilikuwa kikijivunja. Gia ya tatu, mtetemo ukapungua, ukabaki kama nyuki wa mbali.

"Kwa nini tatu inatulia?" aliuliza waliposimama.

Selemani alijibu polepole, kama anayejisomea mwenyewe. "Sanduku lina mihimili miwili, wa juu na wa chini. Kwenye tatu nguvu inapita moja kwa moja kwa mhimili wa juu. Wa chini unazunguka tu, hauna mzigo. Kwenye moja na mbili nguvu lazima ishuke ipite kwa wa chini." Akaitazama giaboksi. "Ni mhimili wa chini, mama. Beringi yake."

"Mimi sijui majina yake," Arafa alisema. "Toeni mtori wenu tuone."

Walirudi bandani, wakafungua nati ya chini ya giaboksi. Hakikutoka kitu. Baridi ya Meru ilikuwa imeyagandisha mafuta kama samli ya Juni, na lile joto la safari fupi halikutosha. Ilibidi Lemburis alete maji ya moto, akalikanda sanduku kwa matambara, ndipo yakashuka ndani ya karai kwa mabonge, yenye nyuzi za maganda ya ndizi, rangi ya uji uliochacha.

Arafa alichuchumaa. Alikunja mikono ya gauni, akatumbukiza vidole ndani ya karai, akaanza kuchambua kama anavyochambua mchele wake. Kwanza ilikuja mng'aro mdogo mdogo, unga wa chuma. Kisha kipande chembamba kama ukucha. Kisha vidole vyake vikasimama. Alivitoa, akapangusa kwa kanga, akanyoosha kiganja mbele ya mwanawe.

Ilikuwa nusu ya gololi ya chuma. Upande mmoja mviringo, upande mwingine umepasuka kama karanga.

Wakaitazama wote watatu.

"Ningemweka hapo mtoto wangu," Lemburis alisema kwa sauti ndogo. "Nilitaka akae hapo juu." Kisha woga wa pili ukamshinda wa kwanza. "Sikia, Selemani. Tumwage hii. Tutie oili safi. Kesho twende polepole, Nosim abaki. Nani atajua ya ndizi?"

"Italia tena."

"Basi tutie mafuta tena!"

Selemani alimgeukia mama yake. Macho yake yalikuwa yakimwomba kitu, na Arafa alijua anaombwa nini: amwambie nyamaza, mwanangu, mgongo wako mimi naujua. Neno hilo lilikuwa ulimini. Alilimeza.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," alisema. "Mimi mgongo uliochanika ninajua kuukanda. Uliovunjika sijui. Lakini mwenye kusema ni wewe. Mimi nimemaliza yangu."

Selemani aliichukua nusu ya gololi, akaifumba.

Saa tisa kamili Bwana Saa akaingia, saa mkononi. Aliona karai, akaona ndizi, akamwona mwanamke wa makamo na ufito wenye alama za meno.

"Hii nini? Jikoni?"

"Bwana, gari kesho haliwezi kwenda," Selemani alisema. "Beringi ya mhimili wa chini imevunjika. Kwa wiki tatu nilisikia, sikusema. Juzi nikatia mafuta ya kondoo isisikike." Akafumbua kiganja.

Bwana Saa aliichukua ile nusu, akaigeuza kwenye mwanga. Ikawa mara ya kwanza watu kumwona amesahau saa yake, imening'inia kwenye mnyororo kifuani.

"Kesho mimi nakaa mbele," alisema hatimaye.

"Ndiyo, bwana."

"Nani natia ndizi?"

"Mimi," Lemburis alisema.

"Dereva ni mimi," Selemani alisema. "Sanduku ni langu."

Bwana Saa akairudisha saa mfukoni. "Kwa kusema, hakuna fimbo. Kwa ndizi, kumi na tano."

*

Jumamosi asubuhi Selemani alilala kifudifudi mkekani, na Arafa alikuwa akimpaka mgongo mafuta ya kondoo, yaliyosalia kwenye ule mkia. Nosim ndiye aliyeyaleta, mtoto kambeba mgongoni, akayaweka mlangoni kwa mikono miwili.

"Yanauma?" Arafa aliuliza.

"Yanatuliza."

"Hapa ndipo mahali pake."

Baadaye kidogo Lemburis alikuja na habari. Giaboksi ilifunguliwa alfajiri. Mhimili wa chini ulitoka na meno manne pungufu, na ile beringi ilimwagika mezani kama dengu. Bwana Saa aliandika barua ya kuagiza nyingine Tanga, akasema, akiwa amewapa watu kisogo, kwamba mteremko wa kwanza tu ungetosha kuwamaliza. Mpaka vyuma vifike, ngano italetwa kwa gari la ng'ombe.

"Lipo hapo nje sasa hivi," Lemburis alisema. "Nosim anapanda hilo. Lakini yeyo, gurudumu lake linalia, aibu tupu. Nimebakisha mafuta kidogo, nilipake kabla hawajaondoka?"

Arafa alitoka barazani, mikono ikimng'aa mafuta. Gari la ng'ombe lilikuwa limeanza kusogea, gurudumu la nyuma likipiga kelele za kuamsha mtaa mzima. Nosim alikaa juu amemshika mtoto, akicheka kwa haya.

"Liache lilie," Arafa alisema. "Wasimamishe kwanza, ulivue, uone linalilia nini. Mafuta baadaye."

Lemburis akakimbia kuwasimamisha.